Matani ya Mzee Mihayo

Kwenye msiba wa Bi Tatu hakuna aliyetuchekesha. Nilikaa ukumbini na wanawake wenzangu tangu saa tatu asubuhi, miguu nimeinyoosha juu ya mkeka, nikingoja mtani aingie na vituko vyake: azuie jeneza mlangoni akidai marehemu ameondoka na kuku wake, ajifunge kanga ya marehemu na kuiga mwendo wake, watu wacheke huku machozi yanawatoka. Bi Tatu alikuwa Mzaramo, mzaliwa wa Gongo la Mboto tangu ikiwa mashamba ya mihogo na mikorosho, na watani wake Wanyamwezi wamejaa mtaa mzima. Hakuja hata mmoja. Jeneza lilipita mlangoni kimya, wanaume wakalipokezana wakaenda nalo makaburini. Mama mmoja nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake, "Hivi huyu bibi hana watani?" Mwenzake akajibu, "Watani wa siku hizi? Watu wamesoma, shoga yangu." Niliinamisha kichwa. Mimi ni Mkristo wa kutoka Masasi, dua zilizokuwa zikisomwa sizijui, lakini kwa nini Bi Tatu alizikwa bila mtani nilikuwa najua, na nadhani katika ukumbi ule tuliojua tulikuwa wawili tu.

Nimefundisha historia shule za sekondari mpaka nikastaafu, na kila mwaka hakukosekana mwanafunzi wa kuinua mkono na kuniuliza, "Mwalimu, historia inaleta kazi gani?" Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nilimwambia kwamba aliyesoma historia vizuri hadanganywi kirahisi, kwa sababu amezoea kuuliza neno hili kalisema nani, kalisema wapi, mbele ya nani, na akitaka nini. Amezoea kusikiliza mtu mzima mpaka mwisho bila kumkatiza. Anajua kupanga hoja, anajua kusema "sina hakika" pale asipokuwa na hakika. Hakimu anayahitaji hayo, mwandishi wa habari anayahitaji, hata mama anayeamua ugomvi wa watoto wake jikoni anayahitaji. Nilikuwa nayasema kwa ufasaha, darasa zima likanyamaza, nami nikajiona mwalimu kwelikweli. Sikuwahi kuwaambia kwamba mwaka niliofundishwa mambo hayo ndio mwaka niliomfanyia mtu ubaya kwa kutumia mambo hayohayo.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwaka wa pili chuoni. Mabweni yalikuwa yamejaa, nikapata chumba kwa Bi Tatu, mjane wa makamo aliyekuwa na nyumba ya vyumba sita na mtoto mmoja tu, Mwanaidi, ambaye tulilingana naye umri. Mwanaidi alikuwa na cherehani yake barazani, akishona sare za shule na magauni ya harusi. Chumba changu kilikuwa cha mwisho uani, kati ya jiko na choo, na mbele yake kulikuwa na kibaraza cha saruji ambapo mambo yote ya nyumba ile yalifanyika: kukuna nazi, kusuka nywele, kuchambua mchele, kusema watu. Tarumbeta la kambi ya jeshi lilituamsha alfajiri, na kabla sijanawa uso nilikuwa nishasikia kijiko cha Bi Tatu kikigonga sufuria ya uji. Nilikuja na jiko langu dogo la mkaa nikiwa na nia ya kujipikia. Lilikaa chini ya kitanda mwaka mzima. "Mwanafunzi hapiki, mwanafunzi anasoma," alisema Bi Tatu siku ya kwanza, akanisukumia sahani ya muhogo wa nazi na dagaa. "Kaa ule. Utanioshea vyombo." Muhogo ule sijaupata tena mahali popote, na nimekula kwa watu wengi.

Kila siku baada ya alasiri aliingia Mzee Mihayo, jirani wa ukuta kwa ukuta, mstaafu wa reli aliyekuja kutoka Tabora akiwa kijana na hakurudi. Hakuwa anabisha hodi. "Mtumwa wangu amepika nini leo?" aliuliza kuanzia getini. "Nimewapikia magunzi, wapagazi," Bi Tatu alijibu bila kuinua macho kwenye mbuzi ya nazi. "Si ndicho mlichokuwa mnakula njiani?" Hapo ndipo palipoanza. Mzee Mihayo angesema Wazaramo walikuwa hawajui hata kuvaa mpaka Wanyamwezi walipowaletea nguo kichwani. Bi Tatu angesema nguo zenyewe Wanyamwezi walizibeba tu, hawakujua ni za kuvaa. Angemnyang'anya kikombe, angemwita mwizi, angemwambia akifa atamzika na mzigo wake kichwani ili asipotee njia ya kwao. Mwanaidi alicheka mpaka cherehani ikasimama. Nilikulia kwenye utani kama Mtanzania mwingine yeyote. Nilijua kwamba mtani hukutukana ili akuonyeshe kwamba kati yenu hakuna kinachoweza kuvunjika. Naliandika hili kwa makusudi, ili asitokee mtu wa kunionea huruma akasema nilikuwa sijui.

Muhula wa pili Mwalimu Severini, aliyetufundisha njia za utafiti, alituagiza kila mmoja aandike historia ya mahali anapoishi kwa kuwahoji wazee. Alikuwa mtu mfupi, mkali, mwenye kuandika ubaoni kwa herufi kubwa kama za tangazo la mnada. Alitufundisha kuuliza swali na kunyamaza. Alitufundisha kwamba mzee akisema "zamani" umuulize zamani hiyo ilikuwa kabla au baada ya mtoto wake wa kwanza kuzaliwa. Nilimpenda. Nilitaka anione. Nilipata barua ya ruhusa kutoka ofisi ya serikali ya mtaa, kwa sharti kwamba nikimaliza niwaachie nakala moja, na jambo la kwanza nililolifanya ni kumwambia Bi Tatu.

Bi Tatu aliweka chini ungo wa mchele. Shule mpya ya msingi ilikuwa inajengwa nyuma ya mtaa wetu, madarasa mawili yameshapauliwa, na kiwanja kile kilikuwa shamba la baba yake, Mzee Mwinchande, aliyelitoa kwa wananchi bila kutaka chochote wakati mtaa ulipoanza kukua. Wazee wote walilijua hilo kwa mdomo. Alikuwa ameshakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa mara mbili kuomba shule ipewe jina la baba yake, na mwenyekiti alimjibu kistaarabu kwamba ofisi haiwezi kufuata maneno ya barazani, alete maandishi. "Baba hakuacha mtoto wa kiume," aliniambia. "Nimezaliwa mie peke yangu, na mie nimemzaa Mwanaidi peke yake. Jina lake linaishia hapa kwangu. Wewe andika, mwanangu. Andika yote, na nitakalosahau nikumbushe nilikumbuke." Bi Tatu alisoma msahafu vizuri sana, lakini herufi tunazosomea sisi zilimpita. Alinitazama kana kwamba nimebeba kalamu ya mbinguni, na mimi nilijisikia mkubwa.

Nilimhoji mchana wa siku kumi na mbili. Chuo kilikuwa na kinasa sauti kimoja kwa darasa zima, na zamu yangu ilikuwa mbali, kwa hiyo niliandika kila kitu kwenye daftari. Niliwahoji na wazee wengine wanne, wakasema yaleyale. Mchana mmoja Mzee Mihayo alitukuta katikati ya mahojiano, akajitwalia kigoda. "Unaandika uongo wa huyu?" akaniambia. "Andika ukweli. Lile shamba lilikuwa letu sie Wanyamwezi. Babu zetu walilala pale na mizigo yao, wakamwachia baba yake alinde, wakampa na shati. Tuliporudi tukakuta kaligawa." Bi Tatu alimtupia kifuu cha nazi. "Shati lenyewe halikuwa na mikono!" akasema, na wote wawili wakacheka mpaka Mzee Mihayo akaanza kukohoa. Niliyaandika maneno yake yote, mkono ulishazoea kukimbia, na mbele yake nikaandika neno moja: "wanacheka."

Mwalimu Severini alinirudishia rasimu ya kwanza na mstari mwekundu umepita kurasa zote. "Mbona wote wanakubaliana?" alisema mbele ya wenzangu. "Historia ambayo hakuna anayeibishia ni tangazo la biashara. Rudi ukatafute sauti nyingine." Nilirudi chumbani nimevimba kwa aibu. Sikwenda kutafuta sauti nyingine; nilifungua daftari. Nikayaona maneno ya Mzee Mihayo, nikaona na lile neno la mbele yake. Niliyanakili kwenye karatasi safi kwa Kiswahili cha kitaaluma: kwamba, hata hivyo, shahidi mmoja wa asili ya Kinyamwezi anadai ardhi hiyo ilikuwa kituo cha wapagazi, na kwamba Mwinchande alikuwa mlinzi tu, hivyo suala la umiliki wake lina utata. Neno "wanacheka" sikulinakili. Nakumbuka kalamu ilivyosimama pale. Nilijiambia msomi haandiki vicheko. Nikaipeleka kazi kwa mpiga chapa, zikatoka nakala tatu: ya mwalimu, ya ofisi ya mtaa, na ya Bi Tatu.

Mwalimu Severini alinipa alama ya juu kuliko wote, na pembeni ya aya ile aliandika, "Safi sana. Hapa umeanza kuwa mwanahistoria." Alisema ataihifadhi awaonyeshe watakaokuja mwaka unaofuata. Mpaka leo nikiikumbuka sentensi ile napata furaha kidogo kabla ya kuona haya, na furaha yenyewe ndiyo inayonitia haya zaidi.

Jumamosi ile Bi Tatu alinitaka nimsomee. Alivaa kanga mpya kwa ajili hiyo. Alichemsha chai ya tangawizi, akatandika mkeka kwenye kibaraza, akakaa ameegemea ukuta na macho ameyafumba, kama mtu anayesikiliza mawaidha. Mwanaidi alikuwa amekwenda kununua vifungo Kariakoo. Nilisoma taratibu. Alitikisa kichwa kila nilipotaja jina la baba yake. Nilipofika ukurasa wa saba nilimeza mate, nikafunua karatasi mbili pamoja nikaendelea na wa tisa. Hakufumbua macho. Nilipomaliza alinishika kichwa kwa mikono yote miwili akaniombea kwa Mungu, kisha akaifunga nakala yake ndani ya kitambaa akaiweka kabatini pamoja na msahafu. Nilijipa moyo kwamba hakuna atakayeisoma. Mwanaidi sikuwahi kumwona na karatasi yoyote zaidi ya picha za mitindo ya magauni. Na ofisi ya mtaa, nilijiambia, makaratasi huwa wanayafungia sambusa.

Mkutano wa kuchagua jina la shule ulifanyika wiki moja baadaye, katika moja ya yale madarasa mawili, bado halina sakafu wala madirisha. Watu walikalia mbao zilizowekwa juu ya matofali. Nilikaa mstari wa tatu. Bi Tatu alifika, akaangaza macho, akaja kukaa mstari wa pili, mbele yangu kabisa. Mwenyekiti alisema jina la Mzee Mwinchande limependekezwa, na kwa bahati nzuri safari hii yapo maandishi ya kitaalamu kutoka chuoni. Akayainua watu wayaone. Akasoma mwanzo, watu wakaitikia. Halafu akasoma ile aya, kwa sauti ileile, polepole, mpaka neno "utata." Mzee Mihayo ndiye aliyeruka kwanza.

"Mwenyekiti, yale si matani?" alisema, akicheka bado. "Huyu si mtani wangu? Mie nilisema pia nilimnunua yeye kwa kibaba cha karanga, mbona hilo halikuandikwa?" Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. "Mzee wangu, hapa tunafuata maandishi," alisema. "Huyu ni msomi. Angejua ni utani asingeandika." Mzee Mihayo aliitazama ile karatasi mkononi mwa mwenyekiti, akakaa. Na hapo Bi Tatu aligeuka. Aligeuka mwili mzima, mkono kwenye ubao aliokalia, akanitazama. Hakutazama haraka. Niliyasoma macho yale kuwa ya mtu aliyeshtuka, anayeniuliza maneno haya yametoka wapi, na sikuwa na jibu ambalo lisingenivua nguo mbele ya mtaa mzima. Niliwaza alama zangu. Niliwaza Mwalimu Severini akiambiwa kwamba mwanahistoria wake alikuwa ameficha kicheko. Ilikuwa kazi ya kusimama na kusema sentensi moja: wazee hawa walikuwa wanataniana, kosa ni langu. Nilitazama mikono yangu. Bi Tatu akageuka mbele. Shule ikapewa jina la mtaa, na mkutano ukahamia kwenye mambo ya taka.

Kesho yake alasiri Mzee Mihayo alipiga hodi. Alisimama getini mpaka akakaribishwa. "Habari za mchana, Bi Tatu," alisema. "Njema, Mzee Mihayo. Karibu." Akakaa, akanywa kahawa, akasema mvua zimechelewa. Bi Tatu akakubali kwamba zimechelewa. Mwanaidi alishona bila kusimama. Mwanamume yule alikuwa amesikia mzaha wake ukisomwa kama ushahidi, ukamnyima rafiki yake kitu alichokitamani kuliko vyote, na nadhani tangu siku ile kila neno la utani lilimkwama kooni. Hawakugombana. Waliheshimiana tu, wakaendelea kuheshimiana hivyo mpaka Mzee Mihayo alipofariki, na watoto wake na Wanyamwezi wengine wa mtaa wakarithi heshima hiyohiyo. Sijawahi kusikia uani kwa mtu kukiwa na adabu ya kusikitisha namna ile. Nilikula pale mpaka mwisho wa mwaka, muhogo na dagaa, kisamvu, chapati za maji, na Bi Tatu hakunipunguzia hata tonge. Hilo nililichukua kama dalili kwamba mambo yamekwisha.

Nikahama, nikapangiwa kazi Mtwara, nikarudi mjini, nikaolewa Kimara. Kutoka Kimara hadi Gongo la Mboto si safari ya kumshinda mtu miaka thelathini. Nilikwenda mara tatu, na mara zote nilikwenda siku ya sikukuu, nyumba imejaa wageni, kwa sababu nilijua siku hiyo haiwezekani kuzungumza. Nilibeba sukari na kanga. Nilisema, "Shikamoo mama," akasema, "Marahaba mwanangu, unaendeleaje na kufundisha?" Nami nikasema naendelea vizuri. Watoto wanaosoma ile shule leo hawamjui Mwinchande ni nani. Majirani waliohamia karibuni hudhani kiwanja kilikuwa cha serikali tangu mwanzo.

Baada ya maziko, wageni wa mbali walipoanza kutawanyika, nilimkuta Mwanaidi uani anaosha sahani. Amenenepa, magoti yanamsumbua, na sasa ana mafundi wanne chini yake. Nikavuta kigoda nikaanza kusuuza. Nilikuwa nimejiapiza tangu jeneza lilipopita mlangoni kwamba siondoki bila kusema. "Mwanaidi," nikasema, "kuna kitu sikumwambia mama mpaka amekufa. Kile nilichomsomea kuhusu babu yako. Kuna mahali nili..."

"Ukurasa wa saba," akasema, anasugua sufuria.

Niliendelea kusuuza sahani ileile.

"Mie ndiye niliyemsomea. Siku uliyomsomea wewe, niliporudi Kariakoo. Aliniita ndani, akaitoa kabatini. Akaniambia, 'Huyu mtoto kuna mahali alimeza mate, halafu nikasikia karatasi mbili zinafunuliwa pamoja. Hebu nisomee hapo.' Nikamsomea. Nilikasirika mie! Nikamwambia twende sasa hivi kwa mwenyekiti tukaichukue ile karatasi kabla ya mkutano."

"Kabla ya mkutano alikuwa anajua? Mbona aligeuka akaniuliza kwa macho?"

"Wiki nzima. Kakataa katakata. Kasema, 'Mwache. Kaandika mwenyewe, atasema mwenyewe. Siku ile atasimama, mie namjua, nakula naye.' Mpaka mahali pa kukaa alichagua." Mwanaidi aliichukua sahani mkononi mwangu, ilishatakata zamani, akaiweka juu ya nyingine. "Hakugeuka kukuuliza kitu, Asumpta. Aligeuka akuone ukisimama."